Picha zinatoka na ukungu: Canon 1300D, lenzi ya 18-55 na ya 50mm. Kosa ni langu au la kamera?

NyotaYaDunga
Habari zenu wadau. Niko Kisumu, naanza na Canon 1300D ya mtumba. Nina lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo na 50mm f/1.8 STM ya kuazima. Kwenye kioo cha nyuma picha zinaonekana sawa, lakini nikizifungua kwa kompyuta nyuso hazisomeki. Hizi hapa tatu na nambari zake: urefu wa lenzi (mm), tundu la lenzi (f, nambari ikiwa ndogo tundu ni kubwa), kasi ya shata yaani pazia la kamera (sehemu ya sekunde), na ISO (wepesi wa kupokea mwanga).

A. Kwaya ikiimba kanisani, saa nne asubuhi, bila flashi. Modi P (kamera inachagua kasi na tundu), 55mm, f/5.6, 1/20, ISO 800.
B. Mtoto akikimbiza mpira pale Jomo Kenyatta Sports Ground, kuna mawingu. Modi P, 55mm, f/8, 1/125, ISO 100.
C. Wahitimu wanane, mistari miwili, nje kivulini. 50mm, f/1.8, 1/2000, ISO 100, umbali kama mita 5.

Naambiwa nitafute lenzi nyingine. Kabla sijatoa pesa, shida iko wapi?

FundiLenziNakuru
Usinunue chochote kwanza. Umefanya vizuri kuweka nambari; wengi huleta picha tupu na sisi tunabaki kupiga ramli.

Lugha yetu imetuponza kidogo hapa, tunaita kila kitu ukungu. Mkono ukitetemeka, ukungu. Fokasi ikikosa shabaha, ukungu. Lenzi ikipakwa mafuta ya vidole, ukungu. Kila moja ina dawa yake, na dawa ya huyu haimponyi yule. Kwa hiyo kabla ya kugusa setingi yoyote, kuza picha hadi asilimia 100 kwenye kompyuta, halafu tafuta kitu chochote kilichokaa wazi.

Ukikosa hata kimoja, na kila taa au kinukta cheupe kimevutika upande uleule kama mkia, kamera ilitikisika. Kuta na viti viko wazi lakini watu wamefutika? Watu ndio waliosogea. Pazia la nyuma likiwa wazi kuliko uso, au nyasi za mbele, basi fokasi ilitua pale na si kwa mtu. Picha nzima ikiwa na weupe kama maji ya mchele, na taa zimezungukwa na mwanga uliotapakaa, kagua vioo vya lenzi. Na ikiwa upande mmoja tu, tuseme kulia, unalegea kila mara hata ukipiga ukuta, hapo ndipo tuanze kuishuku lenzi yenyewe. Mara nyingi iliwahi kuanguka na kioo kimoja ndani kikatoka kwenye mhimili.

Nimezikuza zako. A: mabenchi yako wazi, midomo na mikono imefutika. B: mtoto amefutika na nyasi za nyuma yake ziko wazi. C: mstari wa mbele unahesabu kope zao, wa nyuma wamelegea. Hayo ni magonjwa matatu, na hakuna hata moja linalotibiwa na lenzi mpya.

Jambo moja la kuanza nalo leo: kioo cha nyuma ni cha inchi 3 na kitakudanganya kila siku. Ukishapiga, bonyeza kitufe cha kukuza mara kadhaa uangalie jicho la mtu kabla hajaondoka.

MwangaWaMilimani
Nichukue A.

Kasi ya shata ya 1/20 ina matatizo mawili yaliyobanana. La kwanza ni mkono wako. Kanuni ya kale inasema kasi isishuke chini ya moja kwa milimita za lenzi, lakini sensa ya 1300D, yaani kibamba kinachopokea picha, ni ndogo, kwa hiyo zidisha kwa 1.6 kwanza. 55 × 1.6 ni 88, basi 1/100 ndiyo sakafu yako. Nikon za aina hiyo zidisha kwa 1.5. Ukiwa na lenzi ya 250mm, sakafu inapanda hadi 1/400.

Utaniambia lenzi yako ina swichi ya Stabilizer. Ni kweli, na ndiyo maana mabenchi yamekaa wazi kwa 1/20. Ila Stabilizer inatuliza mkono wako tu, haimtulizi mwanakwaya. Anayeimba na kuyumba anahitaji 1/125 au 1/160. Akipiga makofi, 1/250, na bado viganja vitavutika kidogo.

Sasa hesabu ya mwanga. Kutoka 1/20 hadi 1/160 ni kupunguza mwanga nusu mara tatu. Ukibaki 55mm ambapo lenzi haifunguki zaidi ya f/5.6, lazima ISO ipande mara nane: 6400. Hapo ndipo mwisho wa kawaida wa 1300D, na nyuso zitakuwa kama uji wa mtama. Njia ya pili: rudisha zumu 18mm ambako lenzi inafunguka hadi f/3.5, kisha sogea karibu kwa miguu. 1/125 kwa f/3.5 itataka ISO 2000 hivi. Njia ya tatu ni hiyo 50mm uliyoazima: f/2.8, 1/160, ISO 1600. Hiyo ndiyo ningechukua.

Setingi: gurudumu la juu kwenye Tv (wewe unachagua kasi, kamera tundu), weka 1/160, ISO iwe Auto, na kwenye menyu weka kikomo cha ISO Auto kuwa 3200. Ukibonyeza kitufe cha kupigia nusu ukaona nambari ya f inawakawaka, kamera inakuambia lenzi imefunguka mwisho na picha bado itatoka giza. Shusha kasi kidogo au pandisha kile kikomo.

Mkono wa kushoto ukae chini ya lenzi kama unapokea bakuli, si kando. Viwiko kwenye mbavu. Egemea nguzo ikiwepo. Kitufe cha kupigia kikandamizwe taratibu. Ukipiga tatu mfululizo, ya kati mara nyingi huwa tulivu kwa sababu kidole hakianzi wala hakiachi.

Chembechembe254
@MwangaWaMilimani ISO 3200 kwa 1300D? Chembechembe za ISO kubwa zitamla bibi harusi mzima. Mimi husema 800 basi.

MwangaWaMilimani
@Chembechembe254 Chembechembe zinapunguzwa kwenye kompyuta, tena ukipiga RAW (faili ghafi ya kamera) zinapungua vizuri. Uso uliofutika haurudi. Na mteja akichapisha inchi 6 kwa 8 hazioni hizo chembe kama unavyoziona wewe ukiwa umekuza asilimia 100. Kinachoharibu ISO ya juu ni kupiga giza halafu kuja kuvuta mwanga baadaye. ISO 3200 iliyopigwa na mwanga wa kutosha inaishinda ISO 800 iliyovutwa.

Nakubaliana na wewe kwa kitu kimoja: kwenye JPEG (picha ambayo kamera imeshaichakata), kamera husugua chembe hizo yenyewe na ngozi inabaki kama nta. Mtu anaweza kudhani fokasi imekosa. Punguza High ISO speed noise reduction iwe Low kwenye menyu.

ModiMTu
Suluhisho ni moja, jifunze modi M, uweke kila kitu mwenyewe. Tv na Av (wewe unachagua tundu, kamera kasi) ni za watalii.

FundiLenziNakuru
@ModiMTu Ukiweka 1/20 kwa M na ukaweka 1/20 kwa P, mwanakwaya atafutika vilevile. Modi haina makali yoyote ndani yake. M inafaa pale mwanga haubadiliki, kwa mfano studio au ukumbi wenye taa zilezile. Nje Kisumu, jua linaingia na kutoka kwenye mawingu kila dakika mbili, anayeanza atakuwa anazungusha gurudumu huku mtoto ameshafunga bao.

BiNukta
B ni yangu, maana hapa watu wengi hulaumu lenzi bure.

Modi P haijui kwamba mtoto anakimbia. Iliona mawingu, ikachagua f/8 na 1/125 ikadhani inakufadhili. Mtoto akikimbia mita 5 kwa sekunde, ndani ya 1/125 amesogea sentimita 4. Kwa 1/1000 anasogea nusu sentimita. Mwanga huohuo ulikuwa nao: fungua hadi f/5.6, panda ISO 400, na 1/1000 inapatikana bila kupoteza kitu. ISO 100 kwa mchezo wa mpira ni ubahili usio na faida.

Kosa la pili limejificha. Kama fokasi ilikuwa One Shot, kamera ilifunga umbali ulipobonyeza nusu, na haikufuata tena. Ukingoja nusu sekunde, mtoto amekwenda mita 2 na ushee. Badilisha AF (fokasi ya kamera) iwe AI Servo, inayomfuata anayesogea. Kwa Nikon inaitwa AF-C. Ile AI Focus iliyo katikati yao inajaribu kubahatisha kama kitu kimetulia au kinatembea, na huamua kwa kuchelewa. Iache.

Kisha nukta. 1300D ina nukta 9 za fokasi, na ukiiachia kamera ichague, itashika kilicho karibu au chenye mistari mikali: nyasi, goli, shati la refa. Bonyeza kitufe cha nukta za fokasi, kile cha juu kulia nyuma, halafu SET, utaenda moja kwa moja kwenye nukta ya katikati. Kwenye 1300D ni hiyo ya katikati pekee inayosoma mistari ya wima na ya mlalo kwa pamoja, zile 8 zingine zinasoma upande mmoja tu. Iweke kwenye kifua cha mtoto, shikilia kitufe nusu huku ukimfuata, ndipo ubonyeze. Mfululizo wa 1300D ni picha 3 kwa sekunde, kwa hiyo usitegemee bunduki, pima wakati.

Makadirio ya kasi kwa mambo ya huku kwetu: mtu anatembea sokoni Kibuye 1/250, wachezaji wa ngoma ya isukuti 1/500, mafahali wakipigana kule Kakamega 1/1000, ndege akiruka 1/2000. Boda boda ukitaka dereva awe wazi na barabara ivutike nyuma yake, teremka 1/60 na umfuate kwa kiuno, si kwa mikono. Tarajia kutupa picha nane kati ya kumi.

NyotaYaDunga
Asante sana. @BiNukta nimeangalia, ilikuwa One Shot na nukta zote 9 zimewashwa. Taa ya kijani ndani ya kitundu cha kutazamia iliwaka kila mara, ndiyo maana nilidhani fokasi ni sawa.

BiNukta
Taa ya kijani inakuambia kamera imeshika kitu. Haikuambii imeshika nini. Ikiwakawaka bila kutulia, haijashika chochote: labda uko karibu mno, au unalenga ukuta mtupu, au kitu cha giza. 18-55 haishiki chini ya sentimita 25, na hiyo 50mm STM chini ya sentimita 35. Umbali huo hupimwa kutoka ilipo sensa, kwenye alama ya duara lenye mstari juu ya mwili wa kamera, si kutoka kwenye kioo cha mbele.

Kipimio
C sasa. Hapa kasi ni 1/2000, mkono hauna kesi. Kesi ni apacha, yaani lile tundu la lenzi la nambari ya f.

Kila apacha ina unene wa eneo linaloonekana wazi mbele na nyuma ya pale ulipolenga. Kwa 50mm kwenye sensa ya 1300D, ukiwa mita 5 na f/1.8, unene huo ni kama sentimita 70. Ukilenga mstari wa mbele, karibu nusu yake inapotea hewani mbele yao, nyuma unabaki na sentimita 35 hivi. Mstari wa pili ulisimama sentimita 80 nyuma. Wangewezaje kuwa wazi?

Kwa f/5.6 palepale unene unapita mita 2. Kwa kuwa ulikuwa na 1/2000 mkononi, f/5.6 ingekupa 1/200 kwa ISO 100 ileile. Panda ISO 200 uwe na 1/400 ya kulala usingizi. Lenga jicho la mtu wa mstari wa mbele aliye katikati, na waambie wa nyuma wasogee hadi mabega yao yaguse migongo ya wa mbele. Hilo halina gharama.

Ukisogea karibu mambo yanakuwa makali zaidi. Mita 2, f/1.8: sentimita 11. Mita 1, f/1.8: chini ya sentimita 3, yaani jicho liko wazi na sikio limeshaondoka. Kwa umbali huo usilenge kwa nukta ya katikati kisha ukageuza kamera kupanga picha. Ukigeuza, na wewe mwenyewe ukiyumba mbele kidogo, zile sentimita 3 zimekwisha. Chagua nukta ya pembeni iliyo juu ya jicho, hata kama inasoma upande mmoja tu.

Na usikimbilie upande wa pili ukapiga kila kitu f/22. Tundu likiwa dogo mno mwanga unatawanyika ukingoni mwake na picha nzima inalegea. 18-55 huwa na makali yake mazuri karibu na f/8. Ukiwa Menengai unataka mawe ya mbele na kreta yote, tumia 18mm, f/8, lenga kitu kilicho mita 2 na kidogo. Kuanzia mita 1 na ushee hadi upeo wa macho kutakuwa wazi.

KijanaWaMaseno
Naomba kuingilia kidogo. Nina Nikon D3500 na lenzi ya 50mm f/1.8D ya zamani. Haishiki fokasi kabisa, hata sauti haitoi. Imekufa?

FundiLenziNakuru
@KijanaWaMaseno Ni nzima. D3500 na wenzake wa D3000 na D5000 hawana mota ya fokasi ndani ya mwili, na lenzi za D zinategemea mota hiyo. Zungusha kwa mkono, ukiangalia kile kitone cha kijani chini kushoto ndani ya kitundu; kikitulia umefika. Ukitaka ijishike yenyewe tafuta iliyoandikwa AF-S au AF-P. Ile lenzi ya 18-55 ya AF-P, ikiwa ndiyo unayo, zile nyingi hazina swichi za fokasi wala VR (Stabilizer ya Nikon) pembeni. Vitu hivyo viko kwenye menyu, kwa hiyo usizitafute.

MamaWaFilta
Hakuna aliyetaja uchafu, na uko Kisumu pembeni ya ziwa.

Kwanza vua hiyo filta ya UV, kioo cha ziada kinachofungwa mbele ya lenzi, kama ipo. Filta za bei ya chini zinarudisha mwanga ndani, hasa jua likiwa mbele yako au taa za ukumbini. Piga picha moja nayo na moja bila, kamera iwe imetulia mezani. Ukiona tofauti, filta imejibu swali.

Pili, ukitoka kwenye gari au chumba chenye kiyoyozi ukaingia joto la nje, unyevu unaganda kwenye kioo baridi papo hapo. Usifute, utaupaka tu, na usivue lenzi kuruhusu unyevu uingie ndani. Iache kamera ndani ya begi lililofungwa dakika 20 hadi 30 ipate joto taratibu. Watu wa Nakuru na baridi ya asubuhi wanalipata hili wakiteremka kuja huku.

Tatu, kuvu. Vua lenzi, fungua apacha kama unaweza, mulika tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, inapenda begi lenye giza na unyevu. Ikiwa changa picha haitaonyesha sana, ila mwanga ukitoka mbele utaona weupe. Usafishaji wake ni wa fundi, maana lenzi inafunguliwa. Kuzuia: sanduku la plastiki la jikoni lenye mfuniko unaobana, vipakiti vya silika ndani, na lenzi ipigwe hewa na mwanga mara kwa mara.

Kusafisha kioo cha mbele: kipuliza hewa kwanza, brashi laini pili, ndipo kitambaa laini cha miwani, ukianza katikati kwa mduara kwenda nje. Ukianza na kitambaa unasugua mchanga kwenye kioo. Pindo la fulana ni adui.

Chembechembe254
Na wale wa lenzi ndefu? Nina 55-250, heroe kule Ziwa Nakuru wanatoka kama wamechorwa na maji. 250mm, f/8, 1/1000, kamera juu ya dirisha la gari, saa saba mchana. Kila kitu kiko sawa kwa maelezo yenu.

MwangaWaMilimani
@Chembechembe254 Kila kitu kwako ni sawa, hewa ndiyo mbovu. Saa saba ardhi imepata moto, hewa inapanda ikicheza, na wewe unapiga kupitia mita mia mbili tatu za hewa hiyo. Ni yale mawimbi unayoyaona juu ya lami. Hakuna setingi inayoyaondoa. Picha zile zinafanana na fokasi iliyokosa, isipokuwa kila ukipiga mfululizo kiwango cha ulegevu kinabadilika, moja afadhali, inayofuata mbaya. Hiyo ndiyo alama yake.

Nenda tangu saa kumi na mbili unusu hadi saa mbili unusu asubuhi, na upunguze umbali. Zima injini: mtetemo wake unapanda hadi dirishani. Usipige kupitia kioo cha gari kilichofungwa, hasa kwa mshazari.

Kipimio
Nyongeza mbili za haraka kabla sijasahau. Kitundu cha kutazamia kina kigurudumu kidogo pembeni mwa mpira wa jicho. Kizungushe hadi nambari za chini ndani ya kitundu zisomeke wazi. Hakibadilishi picha, lakini kikiwa kimekaa vibaya utadhani fokasi imekosa na utaanza kuihangaisha lenzi.

Ya pili ni ya WhatsApp. Ukituma picha kama picha, inapunguzwa na kubanwa, na mteja atakuambia ni ukungu. Tuma kama hati, itafika jinsi ilivyo.

ModiMTu
Flashi je? Nilipiga harusi kwa Av na flashi ya juu ya kamera, watu wana mizuka, uso uko wazi na kivuli cha uso uleule pembeni.

BiNukta
@ModiMTu Karibu kwa watalii. Kwa Av, Canon huweka shata ya kupokea mwanga wa ukumbi, hata 1/4, na flashi inawaka kama kiongezo tu. Flashi inagandisha uso, shata inabaki wazi inachora mzuka. Ingia menyu ya Custom Functions, tafuta Flash sync. speed in Av mode, uchague 1/200 au ile ya 1/200 hadi 1/60. Au tumia M hapa, 1/125 na f/5.6, na kwa hili nakupa haki yako.

Pia flashi ya 1300D ni ndogo, namba yake ya nguvu ni kama 9 kwa ISO 100. Gawanya kwa f: kwa f/4 inafika mita 2 na robo. Kwa ISO 400 inafika mita 4 na nusu. Aliye nyuma ya ukumbi haioni.

NyotaYaDunga
Wadau, nimefuata. Kwa 18-55 mambo yamenyooka: kwa Tv na AI Servo, B imerudiwa na namba ya jezi inasomeka. Lakini 50mm nimekaa mita 2, f/1.8, 1/500, nukta ya katikati juu ya jicho, mtu amekaa kwenye kiti. Sikio liko wazi kuliko jicho. Mara nyingi hivyo.

FundiLenziNakuru
Sasa swali lako la kwanza limekuwa halali. Fanya kipimo hiki, kinachukua dakika kumi.

Simamisha kisanduku chenye maandishi makubwa meusi, hata cha majani ya chai, wima mbele ya kamera. Kando yake weka rula ya sentimita 30 iliyolazwa kwa mshazari wa nyuzi 45, katikati ya rula iwe sambamba na uso wa kisanduku. Kamera kwenye stendi, umbali mita 2, urefu mmoja na kisanduku. Nje kwenye kivuli chenye mwanga, f/1.8, ISO 100, taima ya sekunde 2. 50mm STM haina Stabilizer, ila ukirudia na 18-55 kwenye stendi izime.

Lenga maandishi ya kisanduku, si rula. Piga tano kupitia kitundu. Kabla ya kila moja, lenga kiganja chako kilicho karibu ili fokasi ihame, kisha irudi. Usipofanya hivyo unapima fokasi ileile mara tano. Halafu washa Live View (unatazama kwa kioo cha nyuma badala ya kitundu), kuza mara 10 kwenye maandishi, acha ishike, piga tano nyingine.

Kwenye rula tazama nambari zipi ziko wazi kabisa. Kwa kuwa imelala nyuzi 45, zidisha umbali wa kwenye rula kwa 0.7 upate umbali wa kweli. Kitundu na Live View hutumia njia tofauti: kitundu kina kihisi chake chini ya kioo cha ndani, Live View inasoma sensa yenyewe. Zikikubaliana na zote zimekosa, ulilenga vibaya. Live View ikilenga na kitundu kikakosa upande mmoja kila mara, hapo lenzi na mwili havielewani.

NyotaYaDunga
Majibu. Live View: zote tano juu ya maandishi. Kitundu: nne kati ya tano, rula iko wazi sentimita 8 hadi 9 nyuma ya kisanduku. Ya tano imepata. 18-55 kwa 55mm f/5.6 zote kumi sawa.

FundiLenziNakuru
8.5 mara 0.7 ni sentimita 6. Unene wako wa wazi pale ni sentimita 11, nusu mbele nusu nyuma, kwa hiyo jicho limetoka nje ya mpaka na sikio limeingia. Mwili uko sawa kwa kuwa 18-55 imekubali, japo f/5.6 husamehe makosa mengi. Ni hiyo 50mm ikiwa kwenye mwili huu; kwenye mwili mwingine inaweza kulenga vizuri kabisa, kwa hiyo usimrudishie mwenyewe na maneno makali.

1300D haina menyu ya kurekebisha fokasi kwa kila lenzi. Hiyo iko kwenye miili mikubwa kama 70D na 80D. Una njia mbili za bure. Mtu aliyetulia, tumia Live View. Mtu anayesogea, tumia kitundu lakini funga hadi f/4: unene kwa mita 2 unakuwa sentimita 24, na kosa la sentimita 6 linamezwa. Kumpelekea fundi aisawazishe inafaa ukiinunua, si ya kuazima.

NyotaYaDunga
Kwa hiyo kwaya ya Jumapili ile f/2.8 ya @MwangaWaMilimani niiache?

Kipimio
Utakuwa umbali gani? Kwa mita 4, f/2.8 inakupa unene wa sentimita 68 hivi. Lakini kosa la lenzi nalo hukua ukirudi nyuma, sentimita 6 za mita 2 zaweza kufika 20 na zaidi kwa mita 4. Fokasi ikitua nyuma, nusu yako ya mbele ndiyo inayokuokoa, nayo ni zaidi ya 30, kwa hiyo bado inakaa ndani. Ukiwa chini ya mita 2 nenda f/4 na ISO 3200.

MwangaWaMilimani
Na uzime ile taima ya sekunde 2 kabla hujatoka nyumbani. Kwaya haitangoja.